Nilichojifunza kwa kufuga samaki wa mawe wa Ziwa Tanganyika

Hapa Kigoma ukisema unafuga samaki, watu wanakuuliza bwawa liko wapi na vifaranga wa sato umewatoa wapi. Mimi nafuga samaki wasioingia chunguni. Wakubwa wao wanaenea kiganjani, wadogo hawafiki urefu wa kidole cha mwisho, na wote wanaishi nyumbani kwangu Mwanga, kwenye matangi ya vioo niliyoyapanga katika chumba kilichokuwa stoo. Jirani yangu, mama mtu mzima, kila akipita kunijulia hali huchungulia mle ndani na kuuliza, "Mwanangu, hivi hawa mtawala lini?" Humwambia, "Hawa ni wa kutazama tu, mama, na wa kuzaa." Hutikisa kichwa, lakini haondoki mpaka awaone wakilishwa.

Kazi hii niliianzia kwenye yadi ya mfanyabiashara wa kusafirisha samaki wa mapambo nje ya nchi. Nilikuwa nabadilisha maji, nasugua matangi ya zege na kufunga mifuko ya oksijeni. Samaki waliotolewa kwenye miamba yetu walikaa pale wiki chache, kisha wakapanda ndege kwenda kupamba sebule za watu Ulaya, Marekani na Japani. Pale yadi hakuna aliyewazalisha. Wakiisha, wapiga mbizi wanatumwa ziwani kuleta wengine. Nilijiuliza kwa nini iwe hivyo, wakati majike kadhaa mle mle matangini walikuwa wamejaza mayai mdomoni. Karibu yote ninayoyajua leo yametokana na kulifuatilia swali hilo.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na urefu wa zaidi ya kilomita 670, lakini wengi wa samaki hawa wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Huko chini kabisa hakuna oksijeni. Na ukanda wenyewe umekatikakatika: mawe, halafu mchanga, halafu mlango wa mto, halafu mawe tena. Samaki wa mawe hapendi kuvuka mchanga, kwa sababu pale hana chakula wala pa kujificha. Anabaki kwenye mawe yake, yeye na uzao wake, kizazi baada ya kizazi, mpaka rangi yake inaachana na ya ndugu zake wa upande wa pili wa ghuba. Ndiyo sababu ziwa hili lina spishi zaidi ya 200 za jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani penginepo duniani, na ndani ya spishi moja unakuta sura nyingi kwa kadiri ya mwambao.

Tropheus duboisi ndiye anayeonyesha jambo hili vizuri kuliko wote. Akiwa mdogo ni mweusi tii mwenye vidoa vyeupe mwili mzima. Akikua vidoa vinafutika, kichwa kinageuka bluu, na kiunoni kunatokea mshipi. Wa Maswa, kusini ya Kigoma, mshipi wake ni mpana na wa manjano. Nenda kwenye mwambao mwingine utamkuta mwenye mshipi mwembamba, au mweupe. Vivyo hivyo kwa Cyphotilapia frontosa, yule mkubwa mwenye nundu ya kichwa: kwingi ana mistari sita myeusi, wa Kigoma ana saba, na kwa huo wa saba anajulikana kwa wafugaji wa dunia nzima.

Mzee mmoja mpiga mbizi, mwenyeji wa Katonga, ndiye aliyenifumbua macho. Siku hiyo tulikuwa tunapokea mzigo, nami nikauliza kwa nini safari hii wameleta wachache. Akaniambia, "Kijana wangu, sisi tumezoea dagaa. Dagaa ukimvua hapa, mwezi ukiingia giza anakuja mwingine kutoka mbali. Huyu wa mawe ukimmaliza kwenye jiwe lake, hakuna wa kutoka jiwe la jirani kuja kujaza nafasi." Tangu hapo nimefuga nikiwa na neno hilo kichwani. Kumzalisha samaki wa namna hii nyumbani ni kumpunguzia mzigo yule aliyebaki ziwani, na ili azae lazima umpe nyumbani kwake, kwa maji, kwa chakula na kwa majirani.

Nianze na maji. Watu hudhani anayekaa kando ya ziwa hana shida nayo. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana pH, yaani kipimo cha asidi majini, inayokaribia 9, juu kabisa ukilinganisha na maziwa na mito mingi. Ya bomba hapa mjini yanatoka humo humo ziwani, ila yana klorini, kwa hiyo nayaacha kwenye pipa wazi na pampu ya hewa ikichemka ndani yake usiku kucha kabla ya kuyatumia. Nikichota mwenyewe ziwani, sichoti Kibirizi wala karibu na mwalo wowote, maana kuna mafuta ya injini na maji ya kuoshea dagaa.

Jambo ambalo mfugaji wa samaki hawa lazima alielewe kuliko mengine yote ni amonia. Samaki anaitoa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki nacho kinaizalisha kinapooza. Amonia ina sura mbili majini, moja si kali na nyingine ni sumu, na kinachoamua ni pH. Kwenye maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Maana yake, kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa mto angekivumilia, wa kwetu kinamuua. Kwa hiyo tangi jipya siliingizii samaki hata likiwa linang'aa vipi. Nalitangulizia sponji iliyokwisha kutumika kwenye tangi la zamani, kwa kuwa ndani ya sponji ile wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaogeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo haina ukali mkubwa. Bakteria hao wakianza kutoka sifuri huchukua wiki kadhaa kujaa. Sponji nikiiosha, naikamulia kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si kwenye bomba, kwa sababu klorini inawamaliza.

Umeme ukikatika, na huku kwetu tumeishi na kukatika kwa umeme miaka mingi, bakteria hao nao wanakosa oksijeni. Kichujio kilichofungwa kwenye mkebe kikikaa saa nyingi bila maji kupita, kinaoza ndani, na umeme ukirudi kinatapika uchafu wote kwenye tangi. Ndiyo maana natumia sponji za kukaa ndani ya tangi, zinazosukumwa na hewa, na pampu nimeziunganisha na betri ya sola. Ni vifaa vya bei ndogo na fundi wa mtaani anavitengeneza. Na siwajazi samaki kupita uwezo wa tangi, ili hata betri ikizima waweze kusubiri.

Chakula kinataka nidhamu. Tropheus kazi yake ziwani ni kukwangua ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe, kutwa nzima, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake kwa sababu ya chakula hicho. Ukimpa nyama, ukampa unga wa dagaa kwa wingi kwa kuwa unaona anaugombania, tumbo linavimba, anaacha kula, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, na akishafika hapo ni nadra kupona. Mimi ninawapa mchicha uliochovywa maji ya moto, na spirulina, ule unga wa kijani wa viumbe wa majini, ninapoipata, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Nina mawe mengine nimeyaweka nje kwenye beseni la maji juani. Yakishaota kijani nayaingiza tangini na kuyatoa yaliyokwanguliwa, yanaenda kuota tena. Hakuna kitu kinachowatuliza Tropheus kuliko jiwe jipya lililoota. Wanalishambulia kwa pamoja, vichwa chini, na ukitega sikio kwenye kioo unasikia midomo inavyokwaruza.

Kuhusu majirani, Tropheus ni mkorofi. Ukiwafuga watatu, mmoja atawaua wenzake wawili. Ukiwafuga ishirini, ugomvi unagawanyika, hakuna mmoja anayebeba kipigo chote. Kundi zima liingie tangini siku moja. Ukimleta mgeni baadaye peke yake, wenyeji watamfukuza mpaka ajibanze kona ya juu karibu na pampu, na mapezi yake yatachanika siku hiyo hiyo. Nikilazimika kuongeza, napangua mawe yote kwanza nipange upya, kila mmoja apoteze mipaka aliyokuwa anailinda, ndipo niwaingize wageni kadhaa kwa mkupuo, tena usiku taa zikiwa zimezimwa.

Mambo haya yakikaa sawa, kuzaa kunakuja kwenyewe. Dume anatetemesha mwili mbele ya jike, jike anamfuata kwenye jiwe alilolichagua, anataga yai moja, anageuka haraka na kulidaka mdomoni. Mayai ni machache na ni makubwa ajabu kwa samaki wa ukubwa huo, karibu milimita 7 kwa yai, na mara nyingi hayafiki ishirini kwa uzao mmoja. Jike anayaatamia mdomoni kwa takriban wiki nne. Utamjua kwa kidevu kilichoshuka na namna anavyokaa mbali na vurugu, mdomo ukicheza taratibu kuyageuza mayai.

Hapo kuna jambo ambalo pale yadi hakuna aliyelizingatia. Samaki wengi wanaoatamia mdomoni hufunga kula mpaka watoto watoke. Jike wa Tropheus anaendelea kukwangua mawe huku watoto wako mdomoni, na chakula kile kinawafikia wao. Nimekaa nikimwangalia jike mmoja jioni nzima kwa tochi ndogo iliyofunikwa kitambaa chekundu: anakwangua, anasimama, shavu linatikisika, na kwenye upenyo wa mdomo unayaona macho madogo meusi yamejipanga. Kwa hiyo ukimtoa jike na kumkamulia mayai mapema ili upate vifaranga wengi kwa haraka, kama wafanyavyo wengi kwa biashara, unawanyima watoto malezi hayo. Mimi namwacha. Karibu na mwisho wa wiki ya nne namhamishia tangi lake mwenyewe usiku, kwa bakuli badala ya wavu ili asishtuke akawatema au kuwameza, na anawaachia mwenyewe akiwa tayari. Wanatoka wakiwa wamekamilika, weusi wenye vidoa vyao, na siku hiyo hiyo wanaanza kukwangua.

Ukiwa na wanaoatamia mdomoni, usiwachanganye na yule ngogo mdogo wa madoadoa, Synodontis multipunctatus, hata kama ni mzuri wa kutazama. Huyo hujipenyeza wakati jike anataga, anaacha mayai yake katikati ya yale, na jike anayaokota yote pamoja. Mayai ya ngogo yanaanguliwa kwanza, na kifaranga wake anawala wenye nyumba mle mle mdomoni. Ziwani ndiyo maisha yao, wamejuana. Kwenye tangi lenye majike wachache unapoteza uzao wote.

Samaki wa maganda ni habari nyingine, nao ndio ninaompendekezea kila anayeanza. Chini ya ziwa, penye mchanga, kuna maeneo mapana yaliyotapakaa maganda matupu ya konokono anayeitwa Neothauma tanganyicense. Kwa kuwa maji yetu yana chokaa nyingi, maganda hayayeyuki, mengine yamekaa pale mamia ya miaka. Humo wanaishi samaki wadogo kabisa kama Lamprologus ocellatus na Neolamprologus brevis. Kwa ocellatus ninaweka mchanga mlaini wa sentimita tano au sita na maganda mengi kuliko samaki. Anachimba chini ya ganda lake, anarusha mchanga kwa mkia, ganda linazama mpaka unabaki mlango tu. Jike anataga ndani, analinda, na baada ya siku kadhaa utaona vumbi la vifaranga linaelea mlangoni, likirudi ndani mara moja ukipitisha mkono. Kwa brevis mambo ni tofauti kidogo: dume na jike wanashirikiana ganda moja. Vifaranga wao nawalisha viumbe wadogo wa majini ninaowachuja ziwani kwa kitambaa cha nailoni. Wote hawa wanakubali pia unga wa dagaa uliotwangwa laini, mradi uwe kidogo, kwa sababu unachafua maji upesi.

Frontosa simfugi. Anaishi kina kirefu, na mfuko wa hewa tumboni mwake hauna njia ya kutolea hewa upesi. Ukimtoa mita 30 ukampandisha moja kwa moja, hewa ile inatanuka mara nne. Wapiga mbizi wazoefu humpandisha kwa vituo, kikapu kikifungwa kwenye kamba na kuachwa kina hiki na kile, mpaka siku ya kufika juu. Wasio na subira humchoma sindano kuitoa hewa ile. Tangu nilipoona wale waliopandishwa kwa pupa, wamelala ubavu juu ya maji wakihema, sijawahi kumnunua wa ziwani. Nikimpata aliyezaliwa tangini, na nikiwa na tangi la kumtosha, nitamchukua.

Nina shemeji yangu Tabora, mwalimu, naye aliwapenda wa maganda. Safari ya kuwapeleka kwa treni, kama kilomita 400, ndiyo iliyonithibitishia habari ya amonia. Samaki nawafungisha kula siku moja au mbili kabla ya safari, mfuko unakuwa theluthi moja maji na mbili oksijeni, kisha ndani ya kasha la boksi lenye giza. Njiani samaki anapumua, hewa chafu inajaa majini na kuishusha pH, hivyo amonia iliyojilimbikiza inatulia. Mfuko ukifunguliwa, hewa ile chafu inatoka, pH inapanda kwa dakika chache, na amonia yote inageuka sumu pale pale. Wengi hufundishwa kuufungua na kuongeza maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima. Kwa samaki wa Tanganyika, saa hiyo ndiyo inayoua. Tulielesha mfuko ungali umefungwa juu ya tangi mpaka joto likalingana, tukaufungua, tukawapokea kwa wavu na kuwaingiza mara moja, maji ya mfuko tukayamwaga nje. Lakini hilo linawezekana tu ikiwa maji ya tangi yameandaliwa mapema yafanane na ya kwao. Maji ya bomba ya Tabora siku hizi yanatoka Ziwa Victoria, ni laini kuliko yetu, kwa hiyo shemeji alikuwa ameshayawekea chokaa ya maganda yaliyopondwa na kuyapima pH kabla sijapanda treni. Na kwa kuwa usiku wa Juni na Julai Tabora kuna baridi kali, tangi lake lina kipasha joto, kitu ambacho mimi huku sikihitaji.

Kila tangi langu lina kibandiko: spishi, mahali ilipotoka, na kama wazazi walivuliwa au walizaliwa hapa. Sichanganyi wa Maswa na wa mwambao mwingine. Watazaliana bila shida, na watoto wao watakuwa na mshipi usiojulikana ni wa wapi, na mfugaji atakayewanunua hataweza tena kulitunza lile jiwe lililomtoa mzazi wao. Wanunuzi wamewahi kuniomba mchanganyiko kwa sababu unapendeza na nikawakatalia, hata pesa ilipokuwa mkononi. Wazazi wa kuanzia nilinunua kwa mwenye leseni. Kukamata samaki wa mapambo ziwani kunasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ofisi ya afisa uvuvi ndiyo mahali pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kufanya jambo hili kwa uwazi.

Vifaranga wakizidi, wapo wanaonishauri niwarudishe ziwani. Sifanyi hivyo. Samaki aliyezaliwa stoo Mwanga anaweza kubeba ugonjwa wa tangini, na nikimwaga wa Maswa hapa mjini nitakuwa nimefanya ziwani kile kile ninachokikataa chumbani. Waliozidi nawauza au kuwagawa. Juzi mwalimu wa baiolojia wa shule moja ya hapa mjini aliniomba wa kufundishia. Nimemfungia tangi la maganda, sponji iliyokwisha kukomaa, na jozi ya brevis, na wanafunzi wake wanapima maji kila Ijumaa na kuandika daftarini. Tropheus nimemwambia asubiri kwanza, mpaka vijana wazoee kulisha kidogo.